Fonii ya Papa na Waya wa Kuanikia Nguo

Enzi zetu sisi watoto wa kambi ya jeshi ya Beni, simu ya mfukoni hatukuijua. Tulikuwa na mpira wa majani makavu ya migomba, sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyonukia mpaka kwa majirani, na fonii ya papa, yaani redio ya baba ya kuongea na watu wa mbali. Papa alikuwa askari, lakini redio hiyo hakupewa na jeshi. Aliiunda mwenyewe kwa mapenzi yake, kibali alikuwa nacho, na antena yake ilikuwa waya uleule ambao mama alianikia nguo. Papa akitaka kuongea, nguo zote chini, hata zikiwa zinachuruzika maji, na mama akinung'unika kwamba ameolewa na waya.

Kisha papa akatumwa ng'ambo ya Oicha, kwenye mapigano. Alibeba redio ndogo, ile kubwa akamwachia mama baada ya kumfundisha.

"Kwa hewa hatusemi vita, kila mutu anasikia," alimwambia. "Uniulize tu kama nilikula. Nikisema nilikula, ujue niko muzima."

Basi kila jioni, wake wa wenzake walipoona mama anaanua nguo, walikuja uani kwetu wakakaa juu ya mabidoni, madumu ya maji. Mama alitaja waume mmoja mmoja, na sauti ya papa ikajibu katikati ya mvumo: "Alikula." Mke aliyejibiwa alishusha pumzi, akaenda kupika.

Siku moja akabaki Mama Sifa peke yake, jirani yetu wa ukuta mmoja.

"Na Papa Sifa, ye alikula?" mama aliuliza.

Redio ikavuma tu. Mama akarudia.

"Papa Sifa, hapana," papa alijibu.

Mama Sifa hakulia pale. Alisimama, akaanza kuturudishia nguo kwenye waya, moja moja.

Sasa mimi mwenyewe ni mama, naishi mtaa wa Bulengera. Vijana wa leo, mtandao ukikatika kidogo tu, wanaomboleza utadhani wamefiwa. Mwanangu naye ni askari, yuko Oicha. Hunipigia kwa video, ananionyesha hata viatu vipya, nami namkatiza: umekula?

"Mais mama," hucheka kwa Kifaransa chake, "kila siku ni chakula tu!"

Zamani tulikuwa na hofu ya jioni tu, siku hizi simu inakaa mkononi na hofu inakaa nayo kutwa. Leo tangu asubuhi namba yake haipatikani. Nimeshaanua nguo zote, mbichi hivyohivyo, ingawa kamba yangu ni ya plastiki na haishiki sauti ya mtu.