Hisa Zangu kwa Jina la Sajini

Siku yangu ya kwanza dobi, chumba cha kufulia cha hospitali moja ya Ruharo, Mbarara, nilipewa rundo la mashuka ya chumba cha upasuaji nikaambiwa nitenge yenye damu. Hayo huloweshwa kwa maji baridi. Ukitumia ya moto, damu inashika kwenye uzi na haitoki tena. Ninyi vijana mna mashine; sisi tulikuwa na mabeseni, jiki na pasi za makaa, na ngozi ya mikono ilitubabuka.

Mkuu wa dobi alinifundisha kufua. Mhasibu, Mnyankore mnene aliyependa shati lililonyooka, alinifundisha pesa. Siku moja alinikuta nakula muhogo wa jana, akauliza mshahara naupeleka wapi. Nikamwambia, kwenye kopo.

"Nyabo, pesa ya kwa mukebe inalala tu," alisema. "Nunua sheya. Kampuni ikipata faida, kila mwaka inakupatia kidogo. Ile kidogo usikule. Nunua ingine."

Sheya ni hisa, kipande cha kampuni. Hicho kidogo ndicho gawio. Nilielewa upesi, maana ni kama mbuzi: unakunywa maziwa, mbuzi humchinji. Nilitaka binti yangu Goreth asomee unesi, na posho ya Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, isingemfikisha huko. Basi nikabana matumizi. Tulipanga wanne chumba kimoja, chai bila sukari. Jumamosi nikirudi kambini nilishukia Rwekubo na kumalizia kwa miguu, boda zikinipita na kunitupia vumbi. Walionijua walinicheka, eti mfanyakazi anayekonda kuliko wasio na kazi.

Dalali wa hisa mjini Mbarara alitaka kitambulisho. Kwetu wakimbizi jambo hilo lilikuwa na dawa yake: laini ya simu, pikipiki, hata kibanda, unaviandikisha kwa jina la raia unayemwamini. Mimi nilimwamini Peace, mwenzangu wa dobi, mama wa ubatizo wa Goreth. Mumewe alikuwa sajini wa jeshi.

"Weka kwa jina yangu, Mama Goreth," Sajini alisema. "Mimi askari. Siwezi kimbia na kitu ya mukimbizi."

Hakukimbia. Kila mwaka alinitia gawio lote mkononi, nami nikamrudishia aninunulie hisa nyingine. Mtu mwaminifu kama yeye sijamwona tena. Kisha ini likamuua.

Kwao, kabla ya kushusha jeneza, msemaji wa ukoo huuliza kama kuna anayemdai marehemu. Nilisimama nikaeleza yote mbele ya watu.

"Mukimbizi iko na sheya?" akauliza kaka mkubwa wa marehemu, na watu wakacheka. "Peace, wewe unajua hii maneno?"

Peace alikuwa na watoto watatu, na alikwisha kuambiwa ahame nyumba ya jeshi. Alitazama chini.

"Sijui," alisema.

Hisa zikaenda kwa mjane na watoto. Tukaendelea kukunja mashuka pamoja, yeye ameshika ncha za huku na mimi za kule, mpaka nikastaafu. Hakuwahi kulitaja jambo lile, na mimi hasira haikuniruhusu kulianza. Nilipokwenda kulalamika kwa dalali, karani alishangaa: karatasi yangu ya ukimbizi ingetosha tangu mwanzo.

"Kwani hukuuliza?"

Sikuuliza. Kambini hakuna aliyekuwa akiuliza.

Sasa Goreth anauza nyanya Rwekubo, posho imepunguzwa, na mgongo wangu umekwisha. Mkiniuliza kama hisa ni uongo, nasema si uongo. Hesabu ya Mhasibu ilikuwa sahihi kabisa. Binti wa Peace amesomea unesi kwa gawio lile.

Mwezi uliopita mgongo ulinirudisha Ruharo, nikamkuta yeye ndiye anayeandikisha wagonjwa. Gauni lake jeupe lilikuwa limenyooka. Niliujua mkono wa mama yake kwenye pasi ile. Nilimchukia pale pale, na mtoto wa watu hana kosa.

"Mama Goreth!" alifurahi. "Kaa hapa. Naandika tu Mama Goreth, si ndio?"

"Apana," nikamwambia. "Andika Leokadia Nahimana."

Nikamsimamia mpaka akamaliza herufi ya mwisho.