Salamu za Bibi Kutoka Rumonge

Kabla ya sauti ya mtangazaji ulitangulia mkwaruzo, kama mtu anayekaanga dagaa chumba cha pili. Baba alizungusha kifundo cha redio taratibu, sikio karibu na kitambaa cha spika, sauti chini kabisa, kwa sababu katika Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, miezi ile ya 1972 hakuna aliyetaka jirani ajue anasikiliza nini. Mchana mapile ya redio yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo. Mimi nilizaliwa mwaka wa uhuru. Nilikuwa na umri wa kutumwa sokoni, lakini si wa kuelezwa mambo. Nilijua tu kwamba watu wazima waliliita janga lile la mauaji ikiza, kwamba lilizukia pande za kwetu Rumonge, na kwamba bibi, mama yake mama, alikuwa huko na hatukuwa na habari zake.

Baba alipita vituo vya Kigali na Kinshasa bila kusimama, akaenda kutua Tanzania, kwenye kipindi cha salamu. Sisi watu wa ziwani tulikipenda mno. Unaandika kadi, unampa msafiri anayevuka kwenda Kigoma aitie posta, halafu unangoja, na kungoja kwenyewe hakukuwa na kipimo. Kuna bwana harusi aliyepongezwa redioni mkewe akiwa tayari ananyonyesha. Watu walicheka, kisha wakaandika kadi nyingine.

Usiku mmoja likasomwa jina la bibi. Mwamini binti Saidi wa Rumonge, Burundi, anamsalimu mwanawe Asha, mkwewe Ramadhani, na wajukuu zake Zuhura na Juma, wote wa Buyenzi. Anasema yeye ni mzima wa afya. Zuhura ni mimi. Nakiri nilisahau ikiza yote kwa raha ya kutajwa kutoka Dar es Salaam. Mama alisimama, mikono kichwani.

“Iko muzima! Mumesikia? Mama iko muzima!”

“Pole pole, mama Zuhura,” baba alisema. “Watu wanalala.”

Kisha akaizima redio. Nilimwona mtu baridi, na usiku ule nilimchukia kidogo.

Tangu hapo mama hakuwa na lingine ila kwenda kumchukua mama yake. Baba, fundi cherehani asiyependa ofisi za watu, alizunguka ofisi hizo mpaka akapata ruhusa, na barabara ilipofunguliwa tukapanda lori la chumvi. Juma aliachwa kwa jirani. Mimi nilipakata redio, zawadi ya kumpelekea bibi, na mama alimbeba mgongoni mtoto wetu mchanga, ambaye bibi mwenyewe alikuja Buyenzi kumwogesha na kumpa jina lake, Mwamini. Ziwa lilikuwa kuume kwetu safari nzima, tulivu, la kuudhi. Penye kila kizuizi askari walitushusha, wakachoma magunia kwa vyuma, wakatupandisha tena. Tulilala Magara chini ya lori, na baba hakuthubutu kufungua redio. Mama ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya chini: bibi atatupikia samaki wa mugebuka kwa mawese, bibi atamgombeza baba kwa kukonda. Kesho yake tulipopita Minago nilinusa harufu chachu. Michikichi ilikuwa imeiva, ngazi, yale matunda yake, zimedondoka na kuoza chini, na hakukuwa na mtu wa kuziokota.

Mlango wa nyumba ya bibi ulikuwa wazi, ndani hakuna hata mkeka. Jirani yake, mama Tatu, aliyekuwa akiuza mawese sokoni, alitoka akijifuta mikono.

“Amahoro, mama Zuhura.”

“Amahoro. Mama iko wapi?”

“Tulikimbia naye usiku, tukajificha mu michikichi. Sisi tulirudi, mwanangu. Yeye hakurudi.”

“Alitusalimia mu redio,” nilidakia mimi.

Mama Tatu alimtazama baba. “Ile karte ni mimi niliiandika, yeye hakujua kuandika. Tuliandika pa Idi. Huyu mutoto hata alikuwa hajazalikwa.”

Nilingoja mama apige kelele. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia.

“Najua,” alisema. “Nilisikia hakumutaja.”

Baba naye alikuwa amesikia. Nililiona hilo usoni mwake. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesafiri kwenda kumwona bibi, na niliona uchungu wa kudanganywa kabla sijaona wa kufiwa. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama kwa nini basi alishangilia vile. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. “Nilitaka awe muzima mpaka nifike,” alisema.

Siku hizi ukipanda basi dogo Bujumbura asubuhi, kabla ya adhuhuri uko sokoni Rumonge unaulizwa bei ya mawese. Binti yangu anaishi ng'ambo, na simu hunionyesha saa na dakika alipoandika kila neno. Ni jambo jema, nami hulitazama mara nyingi kuliko ninavyomwambia. Lakini toka Buyenzi hadi mlango ule ulio wazi, mama yangu alikuwa bado na mama. Kwa simu hii asingepanda hata lile lori.