Ng'ombe wa Watu

Harufu ya dawa ya kupe hunipandisha mori. Juzi nilikuwa mjini, kwenye duka la dawa za mifugo, muuzaji akafungua mkebe na harufu ile kali ikanipanda puani. Nilikuwa nanunua dawa ya ng'ombe anayelala kwenye zizi la mama yangu. Na ng'ombe huyo, msomaji wangu, si wetu. Ngoja nikueleze, maana nimeanza kuudhika upya.

Nilikulia mtaa wa Pioneer, pembezoni mwa mji, wakati nyumba zilikuwa chache na mahindi yalifika mlangoni. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mbao, kazi ya leo ipo, kesho haipo. Tegemeo letu lilikuwa ng'ombe mmoja, Madoa, mpole hata mtoto angeweza kumkamua. Nilipokuwa darasa la tatu, Mama alimswaga Madoa hadi Kaptagat kwa rafiki yake, Mama Cherono, akarudi na ng'ombe mwekundu wa Mama Cherono. Walikuwa wamebadilishana. Kwetu, kumweka ng'ombe kwa rafiki ni desturi ya tangu zamani: anayemlisha anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Hilo nililijua. Ambacho sikukielewa ni kwa nini mtu mwenye ng'ombe mmoja tu, tena mzuri, ampeleke mbali kisha ahangaike na wa mwenzake.

Na yule mwekundu alikuwa balaa. Alirusha mateke, alimwaga ndoo, aliyabana maziwa makusudi. Alichotoa kilitosha kikombe cha Baba na cha kitinda mimba. Sisi wengine tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Mimi ndiye niliyemkatia majani, mimi ndiye niliyempeleka josho, nikarudi gauni linanuka dawa mpaka wenzangu wananikimbia. Maziwa niliyoyashiba yalikuwa yale ya bure ya shuleni, ya pakiti ya pembe tatu, na shule ikifungwa, nayo yalifungwa. Nilimfikiria Cherono, msichana wa rika langu, akinywa maziwa ya Madoa kule Kaptagat, nikamchukia kwa moyo wangu wote.

"Mama, si tuwarudishie yao, tuchukue yetu?" nilimwuliza.

"Fagia zizi," alinijibu.

Kisha wakaja watu wa mchango. Siku zile harambee ilikuwa ya hiari kwa jina tu. Usipotoa, kitu chako kilitolewa kwa niaba yako. Wanaume wawili waliingia uani, wakawapita kuku, wakasimama mbele ya yule mwekundu.

"Mama, hii ndio mtatoa," mmoja alisema.

"Hiyo si yangu," Mama alijibu, bila hata kuacha kuchambua maharagwe. "Ni ng'ombe ya watu. Mwenyewe ako Kaptagat. Mkiichukua, mtamwambia nini?"

"Na yako iko wapi?"

"Kwani unaona ingine hapa?"

Walitazamana. Ng'ombe aliyewekwa kwa mtu haguswi, nao walilijua hilo kwa sababu walikuwa watoto wa hapo hapo. Walichukua jogoo, wakaenda. Nilibaki nimesimama na ufagio, aibu imenijaa. Mama alikuwa ametangaza mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia kwamba hatuna kitu, na hakuonekana hata kuumia.

Nilipofaulu kwenda sekondari, Baba alikuwa ameshaachishwa kazi, nami nikajua safari yangu imeishia hapo. Nililia mpaka nikachoka. Mama akaondoka alfajiri bila kuaga, na kesho yake akatokea na mtamba aliyenona, madoa mwili mzima. Alikuwa binti wa Madoa, amezaliwa na kukulia Kaptagat, ambako kila aliyeuliza aliambiwa na Mama Cherono kwamba huyo ni ng'ombe wa watu. Hakulala kwetu. Alipitilizwa sokoni, nami nikaenda shule na sanduku la bati.

Ilinichukua miaka kuelewa. Ng'ombe aliye nyumbani alikuwa na wenyewe wengi: wa mchango, shemeji wenye mahari ya kulipa, hata njaa yetu wenyewe. Aliye mbali alikuwa na mwenyewe mmoja. Naelewa, lakini hasira haijaniisha. Inaniuma kwamba mwanamke ilibidi ajiite fukara mbele ya watoto wake ndipo abaki na kitu.

Mwaka jana nilimnunulia Mama ng'ombe wa gredi, maziwa ndoo kwa ndoo. Nilipokwenda kumtembelea juzi, zizini nilimkuta ng'ombe mwingine mwekundu, ananitazama kwa jicho baya. Wangu alikuwa ameshafika Kaptagat, kwa Cherono.

"Siku hizi nani atakuja kumchukua, Mama?" nilimfokea.

Alinimiminia strungi, akanisogezea kikombe. "Hata wale hawakutuambia wanakuja," alisema.

Nilikunywa, kisha nikaenda mjini kununua dawa ya kupe.