Walisema Otieno Amenikataa Njiani

Siku ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, ni ile tuliyokuwa tunamsafirisha mume wangu Otieno kutoka mochari ya Migori kwenda kuzikwa kwao, upande wa Homa Bay. Nilikuwa kijana bado, na binti yangu Akinyi alikuwa ananyonya. Ukiniona leo hapa dukani nauza oili na filta, nabishana na mafundi wa mji mzima, unaweza kudhani nilizaliwa na mdomo huu. Wapi! Siku hiyo sikuwa na mdomo kabisa.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga. Otieno alikuwa Mjaluo. Tulikutana soko la Awendo, nikiuza ndizi, na yeye akija kila mara kununua ndizi ambazo hata hakuzila. Kwao walinipokea, lakini si wote kwa moyo mmoja. Waliniita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Mama mkwe akiniita hivyo nilisikia napendwa. Shemeji Odhiambo, kaka mkubwa wa Otieno, akiniita hivyo nilisikia nakumbushwa kwamba nimetoka mbali. Dholuo yangu ilikuwa ya kuokoteza, kwa hiyo nyumbani tulisemezana kwa Kiswahili.

Gari lenyewe lilikuwa la Otieno. Lilikuwa gari kubwa la dizeli, lililotoka Japani likiwa limeshatumika, na hapa Kenya likapita mikono ya wengine kabla halijamfikia. Alilipenda, jamani! Alibebea watu harusini, alibebea samaki kutoka Sori, na Jumapili aliliosha kuliko alivyojiosha mwenyewe. Kabla hajaugua lilikuwa limeanza kupiga mluzi mwembamba kila akikanyaga mafuta, na asubuhi lilitoa moshi wa rangi ya bluu. Aliniambia, "Mama Akinyi, hii turbo, hii inayosukumia injini hewa, inataka kuangaliwa." Kisha homa ya mapafu ikamlaza, na gari likalala nyuma ya nyumba. Hakuinuka tena.

Odhiambo akasema ndugu yake arudi nyumbani kwa gari lake mwenyewe. Sote tulikubali, na mpaka leo naona alisema vizuri. Viti vya nyuma vikalazwa, jeneza likaingizwa, na mimi nikakaa kando yake na mtoto wangu. Odhiambo alikaa mbele na binamu yao aliyeendesha. Mama mkwe na waombolezaji wengine walikuja nyuma kwa basi dogo la kukodi. Wazee walikuwa wameshatuma neno kwamba marehemu aingie bomani jua likiwa bado juu.

Tulipopita Rongo na kuanza kupanda, gari likaishiwa nguvu. Dereva akakanyaga, akarudi gia ya pili, akarudi ya kwanza. Injini inaunguruma lakini gari halitaki kupanda. Mwishowe likasimama pale pale katikati ya kilima.

Odhiambo alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaweka mkono juu ya jeneza. Kwa watu wa kule, mwanangu, gari la marehemu likisimama hivyo husemwa kwamba mwenyewe amekataa kwenda mpaka jambo fulani litengenezwe. Basi huongeleshwa, kwa heshima, kama mtu aliye macho. Sicheki desturi hiyo. Mtu uliyempenda akilala pale mbele yako, wewe pia utamsemesha.

"Otieno, ndugu yangu," akasema, "twende nyumbani. Kama kuna aliyekuudhi, tuonyeshe."

Halafu akanitazama mimi.

"Nyar Kuria, hebu shuka kidogo."

Kidogo! Nikashuka, mtoto mgongoni. Dereva akazima injini, wakafunga mlango vizuri, akawasha tena. Na gari likapanda, mwanangu! Likapanda kwa nguvu zake zote, kana kwamba halijawahi kuugua. Odhiambo akatoa kichwa dirishani akanipazia sauti, "Utakuja na wale wa nyuma! Marehemu mwenyewe ameshasema!" Wakaenda.

Sasa elewa nilichokuwa napoteza pale barabarani. Mjane ambaye mumewe amemkataa mbele ya watu ataishi vipi katika boma lile? Ni nani angemwita mtoto wangu mtoto wa pale? Maneno hayo yangefika nyumbani kabla yangu, na ningekuta mlango umefungwa. Nikaanza kutembea. Trekta za miwa zinanipita, vumbi linaniingia machoni, mtoto analia, nami nalia. Na kilichoniuma kupita yote ni kwamba nilianza kuamini. Nilimuuliza Otieno kwa sauti, "Nimekukosea nini? Niambie basi, nimekukosea nini?"

Basi dogo likanikuta. Mama mkwe alishuka mwenyewe, na miguu yake ile ya kuvimba, akakataa kushikwa mkono.

"Nani amekushusha?"

"Marehemu, mama."

"Marehemu gani? Mwanangu mikono yake imefungwa, hafungui milango. Nimekuuliza nani."

Nikamtaja Odhiambo. Nilitegemea atanikumbatia. Ala! Alinigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Na wewe ukashuka? Unaambiwa shuka, unashuka tu, na mtoto mgongoni? Mahali pale kando ya jeneza palikuwa pako. Anayetaka utoke pako akuonyeshe kosa lako ulione kwa macho. Umeonyeshwa nini wewe? Umeonyeshwa kilima!"

Akanisukuma ndani ya basi, akamtoa mtu kiti cha mbele nikakaa mimi. Kwa kweli siku ile maneno yake yaliniuma kuliko ya Odhiambo, maana yalikuwa ya kweli.

Hatukwenda mbali. Kilima kilichofuata tulilikuta gari la Otieno limeegeshwa upande, moshi mweupe wenye bluu unatoka nyuma, dereva amekaa chini kwenye nyasi, na Odhiambo amejishika kichwa. Mama mkwe akalitazama gari, akamtazama mwanawe.

"Haya. Nyar Kuria hayumo. Sasa ashuke nani?"

Akaenda akalaza kiganja juu ya jeneza, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Otieno, nyathina, mtoto wangu, ngoja kidogo. Gari lako ni gonjwa. Tutakufikisha." Alipogeuka machozi yalikuwa yanamtoka, lakini aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza tangu asubuhi: "Kati yenu, nani anajua gari hili lilikuwa linasumbuliwa na nini?"

Macho yake yakanifikia. Nikasema kuhusu mluzi. Nikasema kuhusu moshi wa bluu, na kwamba Otieno alitaka turbo iangaliwe kabla hajaugua.

"Mbona hukusema?" Odhiambo akanifokea.

"Hukuniuliza, shemeji. Uliniambia nishuke."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mdomo huu unaousikia leo.

Fundi alitafutwa Rongo, akaja na bodaboda. Aliitwa Salim, mtu wa maneno machache. Alitupa pole kwanza, akasimama kimya kidogo mbele ya jeneza, ndipo akafungua boneti. Alikagua mipira yote ya hewa kama imepasuka au kulegea. Ilikuwa mizima. Akavua ule unaoingiza hewa kwenye turbo, na ndani yake mlikuwa na oili inayochuruzika. Akaingiza vidole, akashika kile chuma kidogo cha katikati, akakivuta na kukisukuma. Kilicheza mbele na nyuma, na mapanga yake yalikuwa yamekwaruza ukuta wa turbo.

"Imekufa hii," akasema.

Odhiambo hakuridhika. "Na kule nyuma mbona lilipanda alipotoka huyu?"

"Mlizima injini?"

Dereva akasema alizima, akawasha.

"Basi ndiyo hiyo. Gari hili lina kompyuta. Likikosa hewa ya turbo linajipunguzia nguvu lisije likajiua. Ukizima na kuwasha, linajaribu tena. Linakupeleka mpaka kilima kingine, linachoka." Akafuta mikono. "Na msililazimishe. Injini ikianza kuvuta oili yake yenyewe kupitia hapo, itapaa mizunguko mpaka ipasuke, na hata ukitoa funguo haitazima."

Mkulima mmoja wa jirani akatuazima pikapu yake. Jeneza likahamishwa, na mama mkwe akaamuru mimi nikae upande wa kichwa. Odhiambo akaambiwa abaki kulinda gari. Nilimtazama. Alikuwa amesimama kando ya barabara, mtu mzima, hajui aweke wapi mikono. Nikasema, "Mama, aje. Ni ndugu yake." Dereva ndiye aliyebaki. Tuliingia bomani jua likiwa limeelekea ziwani lakini halijazama, na niliingia pamoja na mume wangu, watu wote wakiona.

Baada ya mazishi gari lilivutwa hadi gereji ya Salim. Turbo nyingine ilipopatikana nilikwenda kuangalia, na Odhiambo akatokea bila kuitwa, akakaa juu ya tairi. Mimi nilidhani unatoa mbovu, unafunga nzima, unaenda zako. Salim akasema hapana, kwanza tujue hii ilikufa kwa nini, la sivyo nyingine itaifuata. Akafungua kale kabomba kembamba kanakopeleka oili kwenye turbo, akapuliza. Hewa haikupita. Kalikuwa kamejaa masizi magumu, meusi, ya oili iliyozeeka na kuungua.

"Haikuwa na ubaya wowote," akasema. "Ilikuwa inanyimwa oili."

Alifunga kabomba kapya. Alivua ile rejeta ya kupoza hewa, akamwaga oili iliyotuama ndani, akaiosha mpaka ikatoka safi. Alibadilisha oili yote na filta. Kwenye maungio aliweka gasketi mpya, akakataa gundi, kwa sababu kipande chake kikibanduka kinaziba njia ile ile. Kabla ya kuwasha alimimina oili safi kwenye mdomo wa turbo, akaizungusha kwa kidole, kisha akaipiga stata injini bila kuiacha iwake, ili oili ifike kwanza. Mwishowe ikawaka, akaiacha ingurume polepole bila kukanyagwa. Mluzi haukuwepo.

Odhiambo alikuwa ameinamisha kichwa muda wote huo. Akasema bila kunitazama, "Shemeji, nilikuwa natafuta mtu. Ndugu yangu amekufa na nilitaka awepo mtu aliyefanya hivyo. Nikakupata wewe, kwa sababu ulikuwa karibu na hukuwa na wa kukutetea." Akalia mbele ya mafundi, nami nikalia naye. Kabla ya hapo, mwanangu, hatukuwahi kumlilia Otieno pamoja.

Naishi katika boma lile mpaka leo. Kwa hiyo nisikilize, kwa sababu naona siku hizi mnahukumiana kwenye simu kabla chai haijapoa. Jambo likiharibika, mtu wa karibu asiye na mtetezi huwa rahisi kumkamata. Mkimtoa, mambo yanaweza kwenda vizuri kwa muda, nanyi mtasema mmeona dalili. Msidanganyike na kilima kimoja. Uliza lililokuwa likisumbua tangu mwanzo, fungua, gusa kwa mkono wako, na ukikuta kilichokufa utafute pia kilichokiua. Na siku wewe ndiye utakayeambiwa ushuke bila kuonyeshwa kosa, kaa. Sema unalolijua hata kama sauti inatetemeka. Usilichukue kosa ambalo hakuna aliyelipima, ukalibeba mgongoni juu ya mtoto wako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuzungushie watu wanaouliza kabla ya kuhukumu. Wakikosekana, basi akupe miguu ya mama yule, ushuke wewe mwenyewe barabarani, umuulize mwenzako anayelia ni nani aliyemshusha.