Tovuti ya Wifi Yangu Siutiti

Wifi yangu Siutiti amepamba kumbi za Nuku'alofa, hapa Tonga, kwa miaka kumi na mitatu. Najua hesabu hiyo kwa sababu kila sherehe niliyohudhuria niliiandika kwenye daftari langu: ya mtoto wa nani, ukumbi upi, rangi gani. Alianza na sherehe ya mwaka wa kwanza wa mtoto wa mchungaji wetu, satini ya njano na maua ya karatasi. Tangu hapo hakuna mtoto wa mtaani kwetu aliyetimiza mwaka, wala kijana aliyetimiza ishirini na mmoja, bila mkono wa Siutiti. Anajua kutundika nguo ya gome la mti ukutani isikunjike. Keki za ghorofa saba anazipanga kwa macho tu, na hakuna iliyowahi kuinama.

Ana tabia moja. Akimaliza kupamba huwafukuza watu wote ukumbini, hata wapishi, kisha anapiga picha moja. Wageni wakishaingia hakionekani tena kitu isipokuwa migongo ya wajomba na nguruwe wa kuchoma.

Mwaka jana, mwezi wa pili, hoteli mpya ya upande wa magharibi ilitangaza kwamba inatafuta mpambaji mmoja wa sherehe zake zote kwa miaka miwili. Wanaoitaka kazi hiyo watume anwani ya tovuti inayoonyesha kazi zao kabla ya tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu. Siutiti alikuja kwetu na simu mbili za zamani na bahasha ya picha. Mume wangu Semisi, alipomwona dada yake mlangoni, alitoka kwa mlango wa nyuma, maana kwetu kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja.

"Meliame yuko wapi?" Siutiti aliuliza. "Nataka anitengenezee tovuti."

Meliame ni binti yangu. Ana miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye kompyuta za ofisi ya bima. Wakati huo alikuwa amejifunza kutengeneza tovuti, na alitaka siku moja aiache ofisi aishi kwa kazi hiyo.

"Ndiyo, Shangazi," alisema.

Jibu jingine hakuna. Shangazi akitaka kitu kwa mtoto wa kaka yake haombi, anakitaja tu. Kwetu Siutiti alishachukua jenereta, nguruwe wawili, na mkeka ambao mama yangu aliufuma miezi minane. Sisemi haya kwa kulalamika. Yameandikwa, kila moja na tarehe yake.

Wiki tatu walikaa mezani pangu. Zilikuwa picha sitini na moja. Mimi nilisoma kwenye daftari ipi ni ya lini na ya nani, Meliame akaandika chini ya kila picha. Siutiti alisimama nyuma ya kiti chake akitoa amri.

"Hiyo kata pembeni, naona mguu wa mtu."

"Ni mguu wako, Shangazi."

"Basi uache. Mguu mzuri huo." Alipoona picha ya uso wake juu kabisa akashtuka. "Mbona kubwa hivyo! Unataka kuwatisha wateja?"

Tulicheka. Nataka hilo nalo lijulikane, kwamba tulicheka sana wiki zile. Tovuti ilipokamilika ilikuwa safi kweli. Ukigusa picha, ukumbi unafunguka wote mbele yako, mtupu na umepambwa, kama vile wewe ndiye mgeni wa kwanza kufika.

Chini kabisa Meliame alikuwa ameweka mstari mmoja wa herufi ndogo: Tovuti hii imetengenezwa na Meliame, na namba yake ya simu.

"Hiyo ondoa," Siutiti alisema.

"Ni mstari tu, Shangazi. Mtu akiipenda, anajua pa kunipata."

"Watu watadhani biashara ni yako. Ondoa."

Meliame alinitazama. Mimi ni mke niliyeolewa kwenye ukoo huo. Nikaenda kutazama chai.

"Ndiyo, Shangazi," nilimsikia akisema.

Tarehe ishirini na sita mwezi wa tatu, Jumapili baada ya kanisa, ukoo ulikula kwetu. Wanaume walikaa nje. Ndani, kwenye mkeka wa mbele, alikaa Kalolaine, dada wa marehemu baba yao Siutiti na Semisi. Yeye ndiye shangazi wa Siutiti. Siutiti akampa simu aone.

"Hizi zote zako?" Kalolaine aliuliza.

"Zangu, Shangazi."

"Hata hii ya zambarau?"

"Hiyo si ya mjukuu wako mwenyewe? Ulibeba keki nzima ya chini."

"Ilikuwa kavu."

Watu wakacheka. Kalolaine aliendelea kusogeza picha kwa kidole chenye mafuta, moja baada ya nyingine, zote sitini na moja. Kisha akairudisha simu.

"Vaimoana naye anaitaka kazi ya hoteli," alisema. Vaimoana ni binti yake. "Karudi kutoka Auckland na begi moja, yule mwanamume kabaki na nyumba. Wewe una mume, una wateja. Weka jina la Vaimoana hapo."

"Mama, si lazima," Vaimoana alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye kiazi kikuu alichokuwa akikimenya.

"Nyamaza wewe. Ndiyo maana ukaporwa nyumba."

Siutiti si mtu wa kukosa maneno. Nilishamsikia akiwatoa ukumbini wapiga tarumbeta walevi, watu wanane. Na siku hizi wapo wanaokataa, wakasemwa wiki mbili, yakaisha. Lakini Meliame alikuwa amesimama palepale na sahani mkononi. Siutiti angemkatalia shangazi yake mbele ya mtoto wa kaka yake, kesho angesimama vipi mlangoni kwangu?

"Ndiyo, Shangazi," alisema.

Jumatatu Meliame alibadilisha jina. Ilichukua dakika kumi na mbili.

"Na picha ya uso wako, Shangazi?"

"Toa."

Hoteli ilimchagua Vaimoana. Waliandika kwamba hawajaona kazi safi kama ile. Vaimoana hajui hata kufunga puto, kwa hiyo alimwajiri Siutiti. Harusi ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita. Siutiti alipamba, akawafukuza watu wote, akapiga picha yake moja. Vaimoana akaiweka kwenye tovuti.

Mwezi wa saba Siutiti alikuja kwetu. Semisi alitoka kwa mlango wa nyuma. Safari hii wifi yangu aliketi, akanywa chai mpaka nusu ya kikombe.

"Meliame," alisema, "ule mstari wako wa chini. Urudishe."

"Siwezi, Shangazi. Vaimoana amebadilisha neno la siri."

"Kwa hiyo?"

"Umwombe yeye."

Siutiti aligeuza kikombe kwenye kisahani, akakigeuza tena. Kuomba hajazoea. Nilidhani atasema neno, na nadhani Meliame naye alilingoja, maana hakuondoka pale aliposimama.

Alipoinuka, alisimama mbele ya feni niliyonunua wiki ile.

"Hii mpya?"

"Mpya," nilisema.

"Kwangu kuna joto."

Meliame aliichomoa, akauviringisha waya vizuri, akaufunga kwa uzi.

"Ndiyo, Shangazi," alisema, akambebea mpaka barabarani.

Feni, tarehe tisa mwezi wa saba.