Aliyeng'oa Vigingi Vyangu Ifo

Sikuhadithiwa hili. Nilikuwepo mwenyewe, adhuhuri ya jua kali, na tumboni nilikuwa na chai na anjera, si kitu kingine. Ukitaka kucheka utacheka, lakini nisikilize kwanza.

Miaka ya tisini nilikuwa mpima viwanja Ifo, kambi ya wakimbizi wa Kisomali, mbele ya Garissa huko. Mtoto wa Mwingi, kijana, najiamini kupita kiasi. Kazi ilikuwa kupanga sehemu mpya ya makazi: kila familia iliyobanana kwenye vibanda vya fito na maturubai ipate kiwanja chake, na njia ipite katikati. Tukaita mkutano. Wazee wa kiume wakaja, nikawaonyesha mchoro, wakaitikia "sawa, sawa," tukanywa chai, kwisha. Nani asingeridhika?

Nikavuta kamba, nikapigilia vigingi. Mstari ulinyooka, haki ya Mungu, ungeupenda. Kesho yake nikakuta vigingi kumi na viwili vya mwisho vimeng'olewa na kupigiliwa kando, kwenye mwinuko. Nikavirudisha. Vikahamishwa tena. Nikavirudisha huku natukana, nikasema hapa kuna mtu ananichezea shere.

Nilimshuku Habiba, mama mjamzito aliyepewa kiwanja cha mwisho kwenye mstari. Tangu siku ya kwanza alikuwa akinung'unika kwamba pale "maji nalala." Maji gani? Nchi kavu kama ile, mate yenyewe unayabania! Nikamwambia mbele za watu: kigingi kikihama tena nalifuta jina lako, utabaki kibandani na tumbo hilo. Aliinamisha kichwa akaondoka.

Siku iliyofuata, watu walipoingia kusali adhuhuri, nikajibanza nyuma ya tangi la maji, orodha mfukoni na kalamu tayari.

Akatokea mama mmoja, mtu mzima, mrefu, hana haraka. Akang'oa kigingi changu kama mtu anayeng'oa mhogo. Nikaruka: "We mama! Nani kakuruhusu?" Hata hakushtuka.

"Warya," akaniambia, yaani we bwana, "nani najenga nyumba?"

Nikamjibu, mafundi.

"Kwetu mwanamke najenga. Mwanamke nafunga, mwanamke nabebesha ngamia. Wewe nauliza wanaume. Wanaume najua nini? Shika hii."

Akanitupia ncha ya kamba nami, sijui kwa nini, nikashika. Akaivuta. Jamani! Nilikokotwa mimi, mwanamume mzima, mpaka juu ya mwinuko. Akafunga fundo kwa meno, akasema mlango wa Habiba utazame kule, upepo usiuingie. Nikamwuliza, wewe ni nani wake? "Hooyo yake," akasema, yaani mama yake. Nikainama kuokota nyundo. Kuinua kichwa, hayupo. Uwanja mtupu! Nikatazama mchangani: nyayo za viatu vyangu zipo, zake hakuna hata moja. Usiniulize nilifikaje kwenye vibanda.

Nikamkuta Habiba anakoroga uji. "Mama yako mkali," nikamwambia huku nahema. Mwiko ukamponyoka.

"Mama nakufa njiani," akasema. "Kabla ya mpaka. Mimi mwenyewe nazika." Kisha akauliza polepole: "Yeye nafunga kamba kwa mkono ama kwa meno?"

Nikamwambia. Jina lake sikulifuta, na mstari niliupinda siku hiyo hiyo. Mkubwa wangu alifoka kwamba nimeharibu mchoro. Nikamwambia anifukuze akitaka, vigingi havirudi. Na mvua ilipokuja, ile mvua kubwa, pale penye mstari wangu wa kwanza maji yalinifika kiunoni. Habiba alikuwa mwinukoni, ndani ya nyumba kavu, mtoto mgongoni. Tangu hapo popote nilipopima nimeanza na akina mama, na sijakosea. Najisifu, ndiyo.

Ila nilipokwenda kumpongeza, Habiba hakunishukuru. Alilia.

"Bwana injinia, mama natoka mbali vile. Kwa nini nakuja kwa wewe? Mimi iko hapa tu, karibu. Nasema nini juu ya mimi?"

Nikamwambia alisema mlango wako utazame kule, basi. Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kuuliza, nikauliza yeye ni nani tu. Mwaka mzima uliobaki nikiwa Ifo, kila adhuhuri nilimwona Habiba ameketi pale juani na mtoto wake, anamngoja mama yake. Hakuja tena.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayechora nyumba za watu: kabla hujapiga kigingi, waulize wanaozijenga. Na ukitokewa na mtu wa namna ile, tetemeka, jikojolee ukipenda, lakini usimwachie aondoke hivi hivi. Mwulize kwanza kama ana salamu kwa mwanawe.