Ukuta wa Jasi Uliotunza Sauti ya Maman Nabintu

Shida zangu zilianza mwaka 1996, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Vita ilitutoa kijijini kwetu Luhwindja kwa miguu, nikafika mji wa Bukavu na shati moja, na shule yangu ilikuwa imeishia primaire ya nne. Sitaki huruma ya mtu. Nataka tu ujue, mwanangu, ni nani anayekuandikia.

Aliyenifanya mtu ni Muzee Cirhuza, fundi wa staff, yaani dari na mapambo ya jasi. Wewe umezaliwa ukizikuta dari hizi nyeupe zenye maua, huzishangai. Ni plâtre, unga wa jasi, jiwe lililochomwa likasagwa. Unaukoroga na maji, unautandika na nyuzi za katani, na kabla hujamaliza kupiga soga umekuwa jiwe tena. Ukiweka kiganja juu yake wakati unaganda, unakuta una joto kama mnyama aliyelala. Nina mvi sasa, na bado joto lile linanishangaza.

Nakumbuka siku moja, miaka michache baada ya kufika, tuliitwa kwenye maison d'écoute upande wa Nyalukemba. Ni nyumba ambamo wanawake walioumizwa vitani walikuja kusimulia yaliyowapata, na Maman Espérance, msikilizaji wao, akawatafutia dawa na msaada. Chumba chake kilikuwa nyuma, kuta tatu za matofali, ya nne ya triplex tupu, ubao mwembamba wa kubandikwa. Nje ya triplex hiyo kulikuwa na benchi ya wanaongoja. Kila neno la ndani lilifika kwenye benchi.

Hapo nilimkuta Maman Nabintu, muuza maharagwe. Alikuwa anakuja, anakaa, anasikia maneno ya mwenzake yakipita ubaoni, anajifunga kitenge, anarudi sokoni. Alikuwa mgonjwa, na hakuna awezaye kutafuta dawa ya ugonjwa asioambiwa. Lakini akisema, na mmoja wa benchi akasikia, habari ingefika kwa mumewe kabla yake. Wakwe wangemtoa nyumbani, watoto wangebaki. Basi alinyamaza, na ugonjwa ukazidi kumla.

Tulibomoa triplex. Mimi nilidhani kazi ni unene tu: unga mwingi, sauti kidogo. Muzee Cirhuza alicheka.

“Weye unajenga ukuta ya macho,” akasema. “Sauti haina macho. Iko kama maji, inatafuta tu fasi ya kupita.”

Tukasimamisha kuta mbili za plaki, vibao vya jasi, zisigusane, kama mtu na mama mkwe wake. Katikati tukajaza katani iliyochambuliwa, maana debe tupu haliachi kuvuma. Tukazipandisha kupita dari, mpaka chini ya mabati, mahali ambapo mwenye nyumba hatatazama maisha yake yote. Tukaziba kila ufa kwa jasi laini. Dirisha tukalitia kioo cha pili, na mlango mzito tukauzungushia mpira.

Kazi ilipokauka, Maman Espérance alimwita Maman Nabintu. Hakuinuka.

“Nani amepima?” akauliza.

Nikasema mimi nitapima. Nikaingia, nikafunga mlango, nikaimba wimbo wa misa kwa nguvu zangu zote, nikatoka nikiringa. Akakubali kwamba hakusikia. Ila bado hakuinuka.

“Wimbo ni ya batu bote,” akasema. “Ata ningeisikiya, ungepoteza nini? Rudiya ndani. Sema kintu yenye haujaambia mutu, yenye nikiisikiya utahama Bukavu.”

“Maman, mimi niko fundi, siko mugonjwa.”

“Kama ukuta yako haitoshe siri yako, itatosha yangu namuna gani?”

Benchi nzima ikacheka. Muzee Cirhuza alijipangusa unga mikononi.

“Ingia, kijana. Ao sema mbele yao kama hauamini kazi yako.”

Nikaingia.

Mara ya kwanza nilipiga kelele, sikukisikia chumba. Safari hii nilikaa kitini. Bukavu unaijua: pikipiki, redio za majirani, makanisa yenye haut-parleur za kupaza sauti, watoto, bata. Vyote vilikuwa vimekwenda, isipokuwa pikipiki moja iliyobaki kama inzi wa mbali. Nikasikia damu ikipita masikioni mwangu. Nikasikia koo langu likimeza mate. Sikuwahi kukaa mahali ambapo kelele pekee ni mimi, nikaogopa kama mtu aliyeingia sakristia bila ruhusa. Ukimya huo nilikuwa nimeufanya mimi, kwa unga na nyuzi, na sikuuelewa.

Nikasema. Lilikuwa jambo la njia ile ya kutoka Luhwindja, juu ya mtu niliyemwacha nyuma. Hata mke wangu halijui, na hapa pia silisemi. Nilipofungua mlango, uso wangu ulikuwa umelowa.

Maman Nabintu hakuutazama ukuta. Alinitazama mimi.

“Umesema ya kweli,” akasema. “Na mimi sikusikiya ata kikohozi.”

Akainuka, akaingia na Maman Espérance, mlango ukafungwa.

Sisi tulibaki kwenye benchi na wale wanawake. Tuliangalia ukuta mweupe ambao nyuma yake mtu alikuwa anatoa jambo lililomkaa kooni miaka, na kwetu halikufika hata pumzi. Muzee Cirhuza akavua kofia. Nami nikavua yangu.

Alitoka na karatasi ya dawa, macho mekundu, shingo imenyooka. Akasimama mbele yangu.

“Kijana, uambie batu ya hapa basipige ata musumari moja mu ile ukuta. Ata ya kutundika musalaba.”

Alipona. Aliuza maharagwe yake sokoni miaka mingi, akabaki nyumbani kwake, na wanawe wakakua mbele yake. Neno lake halijatoka.

Basi sikia, mwanangu. Wahenga walisema ukuta una masikio. Mimi nimejenga kuta maisha yangu yote, nakwambia ukuta una matundu tu, na tundu baya kuliko yote liko juu ya dari, pasipoonekana. Ziba hilo kwanza. Kazi unayomfanyia mtu, ipime kwa kitu chako mwenyewe unachokiogopa. Ukipewa neno la mwenzako, usilitoboe hata kwa msumari mdogo. Na ukimwona mtu amenyamaza, usimwite mjinga. Labda bado hajapata chumba.

Mungu akupe mikono isiyodanganya. Na siku utakapoelemewa, akupe mlango wa kufunga na mtu wa kukusikiliza.

Mimi leo nina nyumba ya matofali Bagira, vyumba vinne. Meza tatu za kumiminia plaki. Pikipiki moja inayotembea na moja iliyolala. Ng'ombe wawili kwa shemeji, Luhwindja. Mke mmoja. Watoto sita, wote wamenipita shule.